Rakaa Mbili za Baba Yako

Twaha,

Salamu nimeziruka. Wewe mwenyewe tangu Jumapili unanipita mlangoni kama hujaniona, na mimi si mtu wa kusalimia ukuta. Basi tuanze moja kwa moja. Nina hasira. Nina hasira na wewe, nina hasira na Haji Masudi aliyekujaza maneno, na nina hasira na baba yako, ambaye amelala makaburini tangu mwezi wa Shaabani na hawezi kunijibu. Nitaandika na hasira zangu hivyo hivyo, maana nikingoja zipoe kutakucha na wewe utakuwa umeshapanda gari la Busia.

Mambo ya nguo na chakula sitayagusa. Kufua unajua, na njaa ikikushika utatafuta pa kula. Ninalotaka kusema ni hilo ulilotamka mbele ya wazee, hapa hapa sebuleni kwangu, wewe umesimama na mimi nimekaa: kwamba unakwenda Iganga kuwaleta baba zako wakubwa, waje wamfukue baba yako wampeleke kwao, kwa sababu mimi nilimzika kama mtu asiye na kwao. Ukaongeza kwamba mpaka hilo lifanyike hutakanyaga tena nyumba hii. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Haji Masudi akasema, "Kijana ameongea kiume." Mimi nikainuka nikaenda jikoni, na nyote mkadhani nimekwenda kulia. Nilikwenda kunywa maji, maana ningebaki pale ningemrushia mtu kikombe.

Sasa nisikilize. Umezaliwa Kisumu na umekulia hapa Nyalenda, lakini kuna mambo ya nyumba hii huyajui, kwa sababu baba yako aliniomba ninyamaze na mimi nikanyamaza. Ndivyo nilivyolelewa. Bibi yako, mama yangu, Mjaluo wa Seme aliyesilimu akaolewa na mtu aliyetoka pwani, alikuwa akiniambia, "Nyathina, mwanamke habishani na mtu wa dini." Nyathina, mtoto wangu. Nilimwamini miaka mingi mno.

Baba yako alivuka mpaka wakati wa vita vya kwao. Serikali ya rais Muislamu ilikuwa imeanguka, na huko kwao Busoga, Uganda, Muislamu yeyote akawa anatazamwa kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitawala. Walikuja wengi: wenye maduka, walimu, madereva, wanawake na watoto mgongoni. Wengi walipitiliza wakaenda Nairobi. Wachache walibaki Kisumu kwa sababu hapa ni karibu na mpaka, na aliye karibu na mpaka hujidanganya kirahisi kwamba kesho anarudi. Baba yako alipata kibaraza pale Kondele, akaweka cherehani, akaanza kushona gomesi, zile nguo za kina mama wa Uganda zenye mabega yaliyochomoza na mshipi mpana kiunoni. Mimi nilikwenda kumshonesha nguo ya harusi ya dada yangu, nikarudi na mchumba.

Siku ya kunichumbia, baba yangu alimuuliza swali moja tu: "Utakaa?" Akajibu, "Mzee, nitakaa mpaka kwetu kutulie." Baba yangu akacheka, akadhani ni adabu ya wageni. Mimi pia nilicheka nikiwa nyuma ya pazia. Mtu alisema ukweli wake mchana kweupe na sisi tukaufanya mzaha, kwa hiyo siwezi kusema nilidanganywa.

Swala ya kwanza tuliyoswali kama mke na mume ilikuwa adhuhuri, yeye mbele, mimi nyuma. Adhuhuri ni rakaa nne, mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Alipomaliza ya pili akakaa tahiyatu, kisha akatoa salamu kuliani. Nikajua amesahau. Nikapiga kofi mkono juu ya mkono, vile mwanamke anavyomkumbusha imamu. Hakujali. Akatoa na ya kushoto, halafu akasema kwa upole, bila kugeuka, "Mimi ni msafiri, nina mbili. Wewe ni mkazi, inuka umalizie." Nikainuka nikamalizia mbili zangu peke yangu.

Siku ile nilifurahi. Nilisema nimepata mume anayeijua dini mpaka pembe zake. Sikujua kwamba nitainuka peke yangu adhuhuri, alasiri na isha, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka wewe uote ndevu.

Aliyemfunga yeye na wakimbizi wenzake kwenye jambo hilo ni Haji Masudi. Leo unamwona mzee wa kutembelea mkongojo. Wakati ule alikuwa mwanamume wa sauti, aliyekuwa na duka kubwa la vitambaa Iganga na akalipoteza kwa siku moja. Alipoteza vibaya, kwa hilo simcheki. Lakini badala ya kulia kama watu, akatoa hukumu. Aliwakusanya wenzake akawaambia: dini imempa msafiri ruhusa ya kupunguza swala za nne ziwe mbili, mpaka afike anakokwenda au anuie kukaa. Sisi hatujafika, na hapa hatujanuia kukaa. Atakayeswali nne Kisumu amenuia kukaa, na aliyenuia kukaa amewaachia nyumba wale waliotufukuza. Unaona alivyoipinda? Ruhusa ya Mwenyezi Mungu ya kumpunguzia mtu uchovu wa njia, yeye akaifanya kiapo.

Na ukishaanza hivyo huishii hapo. Msafiri akiswali nyuma ya imamu mkazi lazima akamilishe nne pamoja naye. Kwa hiyo wakaacha kuja msikitini, wakapanga chumba chao nyuma ya kinu cha mahindi huko Manyatta. Swala ya Ijumaa si lazima kwa msafiri. Kwa hiyo mji mzima ukienda Ijumaa, wao wako chumbani na rakaa mbili zao za adhuhuri. Ramadhani tu ndiyo waliyofunga kama watu wote. Msafiri ana ruhusa ya kula mchana, lakini hapo ujasiri uliwaishia.

Maalim Saidi, imamu wetu, ndiye pia aliyekuwa mwalimu wa chuo, alikwenda kuzungumza nao. Alimwambia Haji, "Mtu ana mke, ana mtoto, ana mahali pa kazi, jirani anamwazima chumvi, na bado yuko njiani? Njia gani hii isiyokwenda?" Haji akamjibu, "Wewe Maalim hujawahi kufukuzwa." Maalim akaaga akarudi zake. Ungemjibu nini mtu kama huyo? Haji analijua hilo, na amelitumia jibu lile kufunga kila mdomo tangu siku hiyo, na mdomo wangu ukiwamo.

Hapa nyumbani ikawa hivyo hivyo kwa kila kitu. Nilitaka kupanda migomba hapo uani. Baba yako alikuwa mtu wa matoke. Ukimpa ugali alikuwa anakula ili asife tu. Nikamletea vichipukizi vizuri kutoka Kisii. Akaviangalia akasema, "Mgomba unachukua zaidi ya mwaka kuzaa. Nani atakuwa hapa azile hizo ndizi?" Nikasema, sisi. Akasema sisi tutakuwa tumeshaenda. Vikanyauka pembeni ya choo. Mwaka uliofuata tukanunua matoke sokoni, na uliofuata, na uliofuata tena, na mimi kila nikimenya, utomvu ukininata vidoleni, nilikuwa natamani kumpiga nayo. Ulipozaliwa, mbuzi wa akika yako hakuchinja. Alisema utachinjiwa kwao, mbele ya ndugu zake. Umefika umri huu hujachinjiwa hata kuku.

Jirani yetu Min Achieng' alikuwa akiniuliza, "Mama Twaha, huyu mzee wako dala anajenga lini? Mtoto wa kiume anakua, donge, au sivyo?" Unajua Wajaluo na dala, mtu asiyejenga boma lake hawamwelewi kabisa. Nikamjibu kwamba kwao wana shamba kubwa. Akaniangalia, akabadilisha mazungumzo. Nilikasirika na macho yake siku ile, kumbe ningekasirika na mume wangu.

Jina la Msafiri unalikumbuka, lakini huenda hukumbuki lilivyoanza. Ndiyo kwanza ulikuwa umeanza chuo. Maalim Saidi akawauliza watoto adhuhuri ni rakaa ngapi. Ukainua mkono wa kwanza, ukasema mbili. Wenzako wakacheka. Maalim akakuuliza umefundishwa na nani, ukasema baba. Wakacheka zaidi, na kuanzia hapo ukawa Msafiri, chuoni, shuleni, mpaka uwanja wa mpira. Ulirudi nyumbani macho yamevimba. Baba yako akakwambia, "Wewe ndiye uliyejibu sawa." Basi, akarudi kwenye cherehani.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu, simpi Haji hata robo yake. Ningesimama katikati ya nyumba niseme: mtoto huyu kitovu chake kimezikwa hapa, yeye si msafiri wa mtu yeyote, na ataswali nne. Sikusema. Nilikuvuta jikoni nikakunong'oneza: chuoni swali nne, ukiwa na baba swali mbili. Nikajiona nimepata dawa. Nilikufundisha kuwa watu wawili wakati bado unavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Leo nikikuona unavyogeuka ukiingia kwa Haji, sauti nyingine, mwendo mwingine, hata Kiswahili kingine, najua ulijifunzia jikoni kwangu.

Sasa nakuja kwa lile usilolijua.

Unakumbuka mwaka ule mimi na baba yako tulikwenda Iganga, wewe ukabaki kwa Min Achieng' kwa sababu ya mtihani wa darasa la nane. Kule kulikuwa kumetulia siku nyingi. Wenzake wengi walikuwa wamesharudi. Wengine walikuwa wameanza kuja msikitini mmoja mmoja, kimya kimya, wakiswali nne zao bila kumuaga Haji. Chumba cha Manyatta kilikuwa kimebaki na wazee wachache na baba yako. Hakuwa na kisingizio tena. Akajishonea kanzu mpya, tukaondoka. Njiani alikuwa kama kijana. Alikuwa ananionyesha kila kilima na kunitajia nani alikuwa akiishi hapo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuhamia kule, Twaha. Nilikuwa nimeshaanza kujifunza maneno yao.

Walitupokea vizuri, sitawasingizia. Walichinja kuku. Walitutandikia kitanda cha wageni. Walituuliza barabara ikoje, Kisumu maisha vipi, na mtarudi lini. Kila aliyeingia aliuliza hivyo, kwa mapenzi kabisa: mtarudi lini? Shamba lake, lile alilotusimulia mpaka tukalijua kwa miguu, watoto wa baba yako mkubwa Isa walikuwa wameshajenga humo. Nyumba za matofali, na watoto wanacheza. Baba yako akazizunguka, akazisifia mabati yake.

Ikafika adhuhuri. Wakatandika mikeka uwanjani kwa babu yako, sisi wanawake tukapanga safu nyuma. Isa akamshika baba yako mkono akasema, "Mgeni atuswalishe." Kwa heshima, si kwa ubaya. Kisha akawageukia watu akawatangazia kwamba ndugu yetu ni msafiri, ataswali mbili, akitoa salamu sisi wenyeji tuinuke tukamilishe. Kisoga sikijui sawasawa, lakini neno lao la mgeni halipishani sana na letu, na mengine nilikuwa nayajua kwa maisha yangu yote ya ndoa.

Niliuona mgongo wake. Alisimama pale muda, hajafunga swala. Mtu aliyeswali mbili Kisumu miaka yote hiyo ili siku moja aje kuswali nne pale, juu ya udongo ule. Nilikuwa namwombea afungue mdomo. Aseme tu, mimi si mgeni hapa. Hakusema. Akafunga swala, akaswali mbili, akatoa salamu. Ndugu zake wote wakainuka nyuma yake wakaendelea, na yeye akabaki amekaa peke yake mbele, kichwa chini, akingoja wamalize.

Na mimi niliinuka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote niliyokuandikia. Mimi kule nilikuwa msafiri wa kweli, nilikuwa na ruhusa ya kutoa salamu pamoja naye na kukaa kama yeye. Ndiyo ilikuwa siku ya kukaa naye. Lakini mwili ulikuwa umeshazoea: yeye akitoa salamu, mimi nainuka. Nikainuka pamoja na wale waliomwita mgeni, nikamwacha.

Kurudi, alikuwa akitazama dirishani tu kutoka Busia mpaka Kisian, pale ziwa linapoanza kuonekana. Hapo akasema, "Mtoto usimwambie." Nikakubali. Nilidhani angalau sasa mambo yamekwisha, ataanza kuja msikitini. Wapi. Jumatatu akaenda chumbani Manyatta na mbili zake. Nilipomuuliza sababu akaniambia, "Nikianza nne sasa, Masudi ataniuliza kule kulitokea nini. Nitamjibu nini?" Kumbe safari ilikuwa imekwisha zamani, kilichobaki ni aibu. Mwanamume mzima akapunguza swala zake kwa kumwonea haya mzee mwenzake, na mimi nikampikia na kumfulia kanzu kana kwamba hilo ni jambo la kawaida.

Halafu ikaja habari ya kipande chako, kitambulisho cha Kenya. Hiyo huhitaji kusimuliwa, ulikuwepo. Mimi nilikuwa nimekaa pale ofisini kwenye benchi na leso yangu nzuri, nikidhani nimekuja kusindikiza tu. Karani akakuuliza baba ametoka wapi, karatasi zake ziko wapi. Nikamwambia mimi ni mama yake, nimezaliwa mji huu, na mama yangu ni wa Seme hapo. Akaniambia, "Mama, mtoto hufuata baba." Sijui sheria ilisemaje, lakini hivyo ndivyo alivyosema, na dirisha likafungwa. Baba yako karatasi hakuwahi kutafuta, kwa sababu msafiri atatafuta karatasi za nini? Ulivyotoka pale ukakaa kwenye ngazi usiinue uso, ndipo nilipomchukia, Twaha. Nilimchukia mume wangu kwa mara ya kwanza, na alikuwa ameshaanza kukohoa.

Kwa hiyo usidhani sielewi kwa nini unakwenda. Naelewa sana. Huna kipande cha hapa na huna mahali kule, na Haji amekwambia kwamba kaburi la baba likiwa Iganga hakuna atakayekunyima shamba. Njaa yako ya kuwa na kwenu naiona. Ninachokataa ni dawa uliyopewa.

Maana wewe hukumwona mwisho wake. Ulikuwa Eldoret unatafuta kibarua. Wiki yake ya mwisho alikuwa hawezi kusimama tena, anaswali kitandani amelala ubavu, akiinamisha kichwa tu. Siku moja adhuhuri nikatandika mkeka wangu nyuma ya kitanda, kama siku zote. Akaswali mbili, akasoma tahiyatu. Nikajiandaa kuinuka. Sikusikia salamu. Nikasikia, "Allahu akbar," kwa sauti ile iliyokwisha, na akaanza rakaa ya tatu. Nilidhani homa imemchanganya. Sikupiga kofi. Akaenda ya tatu, akaenda ya nne, akatoa salamu, na mimi nikatoa pamoja naye. Katika adhuhuri zote za maisha yetu, ile ndiyo ya kwanza tuliyomaliza pamoja.

Akaniuliza, "Umeona?" Nikasema nimeona. Akaniuliza kama makaburini bado wanazika upande wa chini, unaojaa maji wakati wa mvua. Nikamwambia siku hizi wanazika upande wa juu, kando ya ua. Akasema, "Huko juu ni kuzuri." Baada ya hapo hakuswali mbili tena mpaka alipokufa.

Niliwaambia wazee. Usifikiri nilificha. Siku ya msiba, kabla hajaoshwa, nilimwambia Haji Masudi mbele ya Maalim Saidi: mume wangu alikamilisha swala zake, akataja na mahali pa kuzikwa. Haji akanijibu, "Mgonjwa huchanganyikiwa." Miaka yote mtu yuko timamu anaswali kama aliyelala nyumba ya wageni, hakuchanganyikiwa. Akiswali kama Muislamu aliye nyumbani kwake ndipo amechanganyikiwa. Haji akatoka kwenda kutafuta gari la kumbeba mpaka Busia. Angekaa humo siku ngapi, kwenye jua lile, wakibishana na watu wa mpaka kuhusu maiti asiye na karatasi? Nikamwambia Maalim, tuzike. Tukamzika alasiri, upande wa juu.

Sikukungoja. Ulifika kesho yake ukakuta udongo umeshakauka. Kwa hilo nakuomba radhi, mwanangu, na kwa hilo tu. Ningeweza kukungoja mpaka kesho yake, nikaogopa Haji atarudi na gari. Nilichagua kaburi lake kuliko wewe kumwona mara ya mwisho, na najua hukuniuliza kwa nini kwa sababu ulikuwa hutaki jibu.

Sasa uone Haji anachotaka. Wenzake wote wamemkimbia. Waliorudi wamerudi, waliobaki wanaswali msikitini. Amebaki na chumba, na fimbo, na hukumu yake ya zamani. Baba yako ndiye aliyekuwa mtu wake wa mwisho, na huyo naye alimtoka akiwa kitandani. Akimfikisha Iganga, hata kwa sanduku, atasema: mnaona, tulikuwa wasafiri kweli. Hajali wewe upate shamba au usipate. Anataka baba yako amshuhudie, na marehemu hawezi kukataa ushahidi.

Ukitaka shamba, liombe kwa mdomo wako. Simama mbele ya Isa umwambie mimi ni mtoto wa Yusufu, nipeni changu. Wakikunyima, gombana nao, rudi mwakani ugombane tena. Nitakuja tukagombane pamoja, nina mdomo wa kutosha. Na adhuhuri ikifika watakuuliza, wewe ni mkazi au ni msafiri? Baba yako mkubwa yule hakosi kuuliza. Jibu utakavyo. Ukisema mkazi, kaa kweli, panda kitu. Ukisema msafiri, uwe na mahali unakorudi. Lakini ujibu kwa niaba yako, usimtangulize baba yako mlangoni kwa watu kama kitambulisho.

Haya. Ukishindwa kunisikia, na ukarudi nao na majembe, najua wazee watakwambia mwanamke hana neno kwenye kaburi. Sitabishana nao. Sitakimbilia kwa chifu wala kwa Maalim. Nitakwenda asubuhi na mapema upande ule wa juu, nitatandika leso yangu juu ya baba yako, nitakaa. Isa hatanigusa, na Haji hatathubutu. Itabidi uniinue wewe, Twaha, kwa mikono yako, watu wa Kisumu wakikutazama, uniweke pembeni, ndipo mchimbe.

Mama yako,
Rukia